Kupata Namba: Jezi, Kanuni na Lugha ya Uwanjani

Ukisikiliza matangazo ya kandanda kwa Kiswahili, yawe ya Dar es Salaam au ya Nairobi, hutakawia kusikia kwamba mchezaji fulani "amekosa namba" katika kikosi cha kwanza, au kwamba mabeki wawili "wanagombea namba". Wewe unayejifunza lugha hii hapa Kampala una haki ya kushangaa. Mchezaji huyo ameketi kwenye benchi, na namba yake inaonekana wazi mgongoni. Amekosaje kitu alichokivaa?

Jibu limo katika kanuni iliyokwisha kufutwa. Ligi ziliiacha, lugha ikaihifadhi.

Fulana za wachezaji hazikuwa na namba tangu mwanzo. Huko Uingereza, tarehe 25 Agosti 1928, Arsenal walicheza na Sheffield Wednesday, na Chelsea wakacheza na Swansea, huku wachezaji wakiwa na namba migongoni. Mwaka 1933, katika fainali ya Kombe la FA, Everton walivaa 1 hadi 11 na Manchester City wakavaa 12 hadi 22. Mwaka 1939 ligi ya Uingereza iliamuru kila timu ivae namba, kuanzia 1 hadi 11 kwa kila upande.

Katika mpangilio huo namba ilikuwa mali ya nafasi. Namba 1 alikuwa mlinda mlango (neno "golikipa" nalo ni halali, usikubali mtu akucheke kwa kulitumia). Namba 2 alikuwa beki wa kulia, namba 3 beki wa kushoto, namba 9 mshambuliaji wa kati. Aliyecheza kulia Jumamosi hii alivaa 2, na akihamishiwa kushoto Jumamosi ijayo alivaa 3, wala hakuna aliyemwandikia barua ya kuomba ruhusa. Asiyepangwa hakuwa na fulana ya kuvaa siku hiyo. Kukosa namba kulikuwa kukosa namba kwelikweli. Hata mchezaji wa akiba alipokubaliwa katika ligi ya Uingereza mwaka 1965, mmoja tu na kwa ajili ya aliyeumia, alipewa 12, namba iliyotangaza kwamba yeye yuko nje ya wale kumi na mmoja.

Basi unapomsikia mtangazaji akisema kijana huyu "anacheza namba sita", usitazame mgongo wake. Huenda amevaa 27. Mtangazaji anataja kazi ya kijana, yaani kiungo anayesimama mbele ya mabeki na kukata mashambulizi. Msemo huu unafaa hata nje ya uwanja. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Tunaweza kusema kwamba siku hiyo kilipewa jezi, lakini kwa miaka mingi baadaye hakikupata namba.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe maneno mawili ambayo wanafunzi huyachanganya mara kwa mara: sheria na kanuni. Sheria za mchezo wa kandanda ni 17, na hutumika dunia nzima. Sheria hizo hazimlazimishi mchezaji kuvaa namba. Jambo hilo limeachiwa kanuni za kila shindano, kama vile Bunge linavyotunga sheria, kisha waziri au mamlaka fulani ikatunga kanuni chini yake. Ndiyo sababu nchi hazifanani. Huko Hispania, kikosi cha kwanza huvaa 1 hadi 25, na 1, 13 na 25 ni za walinda mlango. Huko Ufaransa, Lionel Messi alipojiunga na Paris Saint-Germain mwaka 2021 alipewa 30, namba ambayo kwa kawaida hutengewa walinda mlango, na aliivaa kwa sababu ligi iliridhia.

Mageuzi makubwa yalianzia Kombe la Dunia. Mwaka 1954, kila mchezaji alipewa namba moja ya kuvaa kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho, apangwe au asipangwe. Kwa mara ya kwanza, hata aliyekaa benchi mwezi mzima alikuwa na namba. Mwaka 1958 Gilmar, mlinda mlango wa Brazil, alidaka akiwa na namba 3. Inasimuliwa kwamba wakuu wa soka wa Brazil hawakupeleka orodha ya namba, na wengine wakawagawia wachezaji wao bila kuwajua. Katika mgawo huohuo kijana wa miaka 17 aitwaye Pelé aliangukia 10. Heshima yote ambayo namba hiyo imebeba tangu hapo, hadi kwenye viwanja vya vumbi vya mitaani kwetu, huenda ina mizizi katika uzembe wa ofisi.

Ligi za nyumbani zilichelewa. Ligi Kuu ya Uingereza iliingiza namba za kudumu kwa msimu, pamoja na majina migongoni, mwaka 1993. Hapo ndipo likazuka swali ambalo kabla yake lisingekuwa na maana yoyote: je, mchezaji anaweza kubadili namba? Zamani alibadili kila wiki na hakuna aliyejali, kwa sababu namba haikumtambulisha yeye. Ilipokuwa sawa na jina lake, kuibadili kukawa kama kubadili jina katikati ya kesi.

Jibu la ligi hiyo ni kwamba mchezaji hubaki na namba yake mpaka msimu umalizike, isipokuwa akihama klabu au akipewa ruhusa na wasimamizi. Si ukaidi. Mwamuzi huandika namba katika kijitabu chake anapotoa kadi ya njano, na kadi hizo hujumlishwa mechi hadi mechi mpaka mchezaji afungiwe. Namba ikihamahama, hesabu ya adhabu huvurugika, na mwenye kufaidika ni mjanja. Wale wanaochezesha mamluki, yaani watu ambao hawakusajiliwa, hutegemea vurugu ya namna hiyohiyo.

Mfano ulio karibu nasi ni Denis Onyango. Uganda Cranes waliporudi katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika huko Gabon mwaka 2017, baada ya kukosekana tangu 1978, mlinda mlango wao alikuwa ametoka tu kutangazwa mchezaji bora wa mwaka 2016 miongoni mwa wanaocheza barani Afrika. Alivaa 18. Kwa hesabu ya 1939, mlinda mlango mwenye 18 ni kitendawili. Kwa hesabu ya leo, 18 ilikuwa Onyango mwenyewe. Hata hivyo, ungeweza kusema bila kukosea kwamba alikuwa "namba moja" wa Uganda. Hesabu zote mbili zinaishi pamoja katika sentensi moja, na ukiweza kuzitofautisha umepiga hatua katika Kiswahili.

Wakubwa nao wamejaribu kuipinda kanuni. Mwaka 2002 Argentina walitaka kuistaafisha 10 kwa heshima ya Diego Maradona, wakapeleka orodha isiyo na namba hiyo. FIFA ilikataa: wachezaji ni 23, namba ni 1 hadi 23, na hakuna pengo. Ariel Ortega akaivaa. Katika ligi mambo ni tofauti, kwa kuwa mapengo yanaruhusiwa. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alipoanguka uwanjani na kufariki mjini Lyon mwezi Juni 2003, Manchester City, alikokuwa amecheza msimu huo, waliistaafisha 23 yake. Mimi naona FIFA ilikuwa sahihi kwa Maradona na City walikuwa sahihi kwa Foé, kwa sababu kila mmoja alifuata kanuni ya shindano lake. Mjanja kuliko wote alikuwa Iván Zamorano wa Inter Milan. Alipoikosa 9 mwaka 1998 alivaa 18, akaweka alama ndogo ya kujumlisha kati ya 1 na 8. Hakuvunja kanuni yoyote, na kila mtu alielewa.

Huko Marekani, katika mpira wao wa kubeba mikononi, ligi ya NFL ililegeza mipaka ya namba mwaka 2021. Lakini mchezaji aliyetaka kubadili namba mwaka huohuo alitakiwa kwanza kununua jezi zake zote zilizokuwa bado madukani. Kanuni hiyo inamtazama mwenye duka.

Serikali nayo imetugawia namba. Tangu usajili mkubwa wa 2014, na Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 iliyounda NIRA, kila raia aliyesajiliwa ana namba yake ya utambulisho. Unaweza kuhama Gulu ukaja Makindye, unaweza kuolewa na kubadili jina, namba haikuachi. Imekufuata wewe, haikufuata nafasi yako, sawasawa na 18 ya Onyango.

Tofauti ni kwamba namba ya jezi ina mwisho. Pita katika soko la Owino, penye mitumba na jezi zilizorundikwa, usome majina yaliyo migongoni. Wengi wa wenye majina hayo wamekwisha kuhama, na namba zao zimevaliwa na wengine. Kanuni humlinda mnunuzi kwa msimu mmoja, na hata hapo si kamili, maana mchezaji akiuzwa mwezi Januari hakuna anayelazimika kumrudishia mnunuzi shilingi zake.