Kujitunza kwa Aliyepona Ukoma: Mafunzo ya Wampembe

Wampembe iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya miteremko mikali ya uwanda wa juu wa Ufipa. Kwa miaka mingi meli ya Liemba, iliyopewa jina hilo mwaka 1927, ilitia nanga mbali na ufuko, abiria na mizigo wakifuatwa kwa mitumbwi. Mahali pa namna hii mwenye maradhi ya muda mrefu hakutani na tabibu kila siku. Siku zilizo nyingi tabibu wake ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo historia ya ukoma nchini yafaa kutazamwa toka huku, wala si toka hospitali kuu.

Zama za ukoloni, msaada mkubwa aliopewa mwenye ukoma ulikuwa kutengwa. Makambi yalijengwa, mengi yakitunzwa na wamisheni, na aliyeingia humo akahesabiwa kama aliyekwisha iaga dunia. (Masikioni mwa mshairi, ukoma na kukoma ni mlio mmoja, jina lilitangulia kumfukuza.) Hansen wa Norway alivitambua vijidudu vya ugonjwa huo mwaka 1873. Hata hivyo, zaidi ya miaka 70 ilipita kabla ya daktari Paul Brand, huko Vellore, India, kuonyesha kwamba aghalabu vidole haviliwi na ukoma wenyewe. Ukoma huleta ganzi. Kisha moto, mwiba na mpini wa jembe humaliza kazi, mwenyewe asihisi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilijifunza kusema na mwananchi juu ya mwili wake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu, kisha wakichimba vyoo. Haikuwa kampeni ya ukoma. Ila ilithibitisha kwamba elimu ya afya hufika kijijini kwa Kiswahili chepesi. Mwaka 1977 ukaanzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na mwaka 1983 dawa mseto zikaanza kutumika: mgonjwa huzimeza nyumbani, akifika zahanati mara moja kwa mwezi. Mwaka 2006 nchi ilifikia shabaha ya kuwa na wagonjwa chini ya 1 kwa kila watu 10,000.

Hapa ndipo hesabu inapodanganya. Aliyemaliza dawa hufutwa daftarini, lakini ganzi haifutiki. Tumchukue mvuvi: kamba ya nyavu humkata kiganja, sufuria humwunguza, naye hana habari. Hana budi kila siku kuloweka miguu majini, kusugua sugu kwa jiwe, kupaka mafuta (hata mawese yafaa), na kukagua nyayo kwa macho, maana macho sasa ndiyo hisi yake. Kazi hiyo ni yake, wala hakuna awezaye kumfanyia.

Lakini kujitegemea si kutelekezwa. Mhudumu wa kumfundisha, na kumfunga kidonda kabla hakijafika mfupani, ni deni la Serikali. Vivyo hivyo viatu: soli ngumu kama ya katambuga, ndani mpira laini, pasipo msumari hata mmoja. Soli hulika, na toka Wampembe hadi anakoshona fundi wa viatu hivyo, kuna mlima wa kupanda kwa miguu isiyohisi.