Komoro: kura zilizohesabiwa kisiwa kwa kisiwa

Fungua ramani uangalie kati ya Msumbiji na Madagaska. Utaona visiwa vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Vyote vimezaliwa na volkano, na Karthala kule Ngazija, wenye mita 2,361, bado uko hai. Wenyeji wengi ni Waislamu, na lugha yao ni ndugu wa Kiswahili.

Sasa mbona nchi ya Komoro inatawala visiwa vitatu tu? Desemba 1974 watu walipiga kura kuhusu uhuru. Ukijumlisha kura zote, zaidi ya asilimia 90 walitaka uhuru, ila Maore wengi walikataa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Komoro ilipotangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, Maore ikabaki kwa Wafaransa, ingawa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipinga.

Hesabu ile inauma mpaka leo. Komoro inategemea vanila, karafuu, langilangi na pesa zinazotumwa na ndugu walioko Ufaransa. Maore, mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, ina mishahara na hospitali bora zaidi, tena iko kilomita 70 hivi tu kutoka Nzwani. Lakini tangu 1995 unahitaji viza. Wasioipata hupanda viboti viitwavyo kwasa-kwasa, na wengi wamezama.

Kwa hiyo ukisikia habari za "wahamiaji haramu" wa Maore, kumbuka kwamba wengine wao wanavuka kwenda kwa shangazi zao.