Shaba, Michezo na Madaraka Katika Katanga ya Juu

Katika Katanga ya Juu, njia ya kutoka michezoni hadi kwenye siasa ilifunguliwa na wenye klabu, si na wachezaji, na chanzo chake kimo katika namna miji ya shaba kama Kambove, ulioko kaskazini-magharibi mwa Likasi, ilivyoanzishwa na kuendeshwa. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, iliwaweka watu wake katika kambi, yaani makazi yaliyokuwa mali ya kampuni yenyewe. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipopunguza vibarua wa muda na kuanza kuwapokea wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao, ndiyo iliyogawa posho, iliyotibu wagonjwa na iliyogharimia shule zilizosimamiwa na wamisionari. Michezo iliingizwa katika mpango huohuo, kwa kuwa waajiri na mapadri waliiona kuwa njia ya kuwashughulisha vijana baada ya saa za kazi na masomo.

Klabu inayojulikana leo kama TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na Wabenedikto, watawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto, mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi. Baadaye ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoifadhili, na ikatwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwaka huo wa 1967 serikali ilitwaa mali za Union Minière, na shirika la umma lililokuja kuitwa Gécamines likarithi migodi pamoja na shule, hospitali na viwanja. Uzalishaji wa shaba, uliopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulianguka miaka ya 1990 hadi chini ya sehemu ya kumi ya kiwango hicho, mishahara ikakwama, na nafasi ya mlezi wa mji ikabaki wazi.

Nafasi hiyo ndiyo aliyoijaza Moïse Katumbi, mfanyabiashara aliyezaliwa Kashobwe mwaka 1964, aliyekabidhiwa uongozi wa Mazembe mwaka 1997. Alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2006, akawa gavana wa Katanga mwaka 2007, na akiwa bado gavana klabu yake ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka huo wa 2010, na mwaka uliofuata ikafungua uwanja wake mtaani Kamalondo. Alijiuzulu ugavana mwaka 2015, na katika uchaguzi wa rais wa 2023 alishika nafasi ya pili.

Mpira wa kikapu ulifuata njia nyingine. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1992, aliondoka nchini akiwa kijana, akacheza Hispania, na mwaka 2011 akachaguliwa wa 7 kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani; mwaka 2022 alitangaza kutoa mshahara wake ili hospitali ijengwe Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake. Kabla yake Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyecheza misimu 18 katika ligi hiyo, alifungua hospitali jijini humo mwaka 2007 kwa jina la mama yake, wala hakugombea kiti. Huko Marekani, Bill Bradley, bingwa wa NBA na New York Knicks mwaka 1970 na 1973, aliwakilisha New Jersey katika Seneti tangu 1979 hadi 1997. Lakini yeye alikuwa amesoma chuo kikuu katika jimbo hilo, na timu yake ilicheza ng'ambo tu ya mto, mbele ya watu wa jirani na wapiga kura wake.

Mchezaji wa Kikongo hupata sifa na mali mbali na nyumbani, na anaporudi huwa mfadhili anayeheshimiwa asiye na wanachama, matawi wala ajira za kugawa. Mwenye klabu anavyo vyote vitatu, na katika jimbo ambalo mwajiri ndiye aliyekuwa serikali ya kila siku, vitu hivyo vina uzito mkubwa kuliko umaarufu wa uwanjani.