Karura: msitu uliookolewa mara mbili

Tarehe 8 Januari 1999, mwanaharakati wa mazingira Profesa Wangari Maathai na wenzake walifika kwenye lango la msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, wakiwa na miche ya kupanda. Walinzi wa kukodiwa waliwavamia, naye Maathai akapasuliwa kichwa. Kwenye kituo cha polisi, alipotakiwa kutia sahihi taarifa yake, aliitia kwa damu yake mwenyewe.

Msitu huo wa hekta zipatazo 1,000 ulilindwa kisheria tangu 1932. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wastawishaji wa kibinafsi kimyakimya. Oktoba 1998 waandamanaji waliteketeza mitambo ya ujenzi iliyokuwa imeingizwa humo. Baada ya kipigo cha Januari, wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliingia barabarani, na Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Masimulizi mengi hukomea hapo, nami naona yanakomea mapema mno. Wanyakuzi walikuwa wameondoka, lakini kwa takriban miaka kumi Karura ulibaki mahali pa kuogopwa, penye majambazi na wakata miti wa magendo. Nani angethubutu kwenda kutembea humo na wanawe?

Wokovu wa pili ulitoka Bungeni. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa majirani wa msitu haki ya kuunda chama na kuusimamia pamoja na serikali. Karura ukapata chama chake, Friends of Karura, kilichowakutanisha wakazi wa mitaa ya kitajiri na wale wa kijiji cha Huruma. Ua wa umeme ukajengwa, na vijana wa kijijini wakaajiriwa ulinzi. Mwaka 2011 msitu ukafunguliwa kwa umma kwa kiingilio. Maathai akafariki Septemba mwaka huohuo.

Kazi ya polepole ikafuata: mikaratusi iliyopandwa na wakoloni ikaanza kupisha miti ya asili kama muhugu. Mbega wakaletwa kutoka Kipipiri, wakazaana.

Sheria mpya ya 2016 imevibakiza vyama hivyo vya jamii. Tuzo na sifa Maathai alistahili zote, lakini vikao vya majirani na maofisa wa misitu, visivyopigwa picha na mtu, vinastahili nafasi katika historia hii pia.