Kuangalia ni Bure

Ramani zinaiita Kirinyaga Road. Makanika na wauza spea wanaiita Grogan, na ukimwambia mtu wa boda akupeleke Kirinyaga anaweza kukuuliza kama una nauli ya kufika kaunti ya watu. Ewart Grogan alikuwa setla mwenye ardhi nyingi na mdomo mkubwa, yule ambaye Machi 1907 aliwachapa viboko wavuta rikisho hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa mwezi mmoja. Baada ya uhuru barabara ikapewa jina jingine. Lakini wanaotengeneza magari kati ya barabara hiyo na Mto Nairobi wamelitunza jina lake bila kumfikiria hata siku moja. Nilimuuliza kijana mmoja pale Grogan ni nani. Akasema labda ni aina ya giaboksi.

Kuna kazi moja inayofanywa pale, na katika gereji za magharibi mwa jiji kuanzia Dagoretti Corner hadi Kawangware na Kangemi, ambayo sijawahi kuona historia yake ikiandikwa. Ni kazi ya kujua gari lina nini. Kutengeneza ni jambo jingine. Pikapu imekataa kuwaka, au inawaka na kuzima, au inapanda mlima ikitoa moshi kama jiko la makaa. Kabla ya spana kuguswa lazima mtu aamue ubaya uko wapi. Kwa Kiswahili cha gereji kazi hiyo inaitwa kuangalia. "Fundi, hebu niangalizie hii gari." Na kuangalia, tangu zamani, ni bure.

Reli ilifika Nairobi 1899, na karakana zake zikakusanya mafundi wa vyuma, wengi wao Wahindi, Masingasinga wakiwa mstari wa mbele. Magari yalipoongezeka, gereji za mjini zilifuata ngazi ileile: meneja Mzungu, fundi Mhindi, na chini kabisa Mwafrika aliyeitwa spana boi, hata kama alikuwa na wajukuu. Alipitisha spana, aliosha vyuma kwa petroli, alisukuma magari yaliyokataa kuwaka. Kuamua gari lina nini haikuwa kazi yake. Ila alikuwa na macho na masikio, na gari haliwezi kuficha sauti yake kwa kuangalia rangi ya anayesikiliza. Mtafiti Kenneth King, ambaye kitabu chake juu ya mafundi Waafrika wa Kenya kilitoka 1977, alifuatilia jinsi ujuzi ulivyotoka kwa waajiri Wahindi ukaingia kwa wasaidizi wao, na kutoka kwao kwa vijana wengine. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wasio raia, na kufikia 1968 maelfu ya Wahindi walikuwa wakielekea Uingereza. Baadhi ya spana boi wakajikuta wao ndio mafundi, chini ya mti, na sanduku la vyuma.

Kilichowapa kazi ni pikapu. Peugeot 404 ilikuwa imeshinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na Mkenya wa wakati ule hakuhitaji tangazo jingine. Juni 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya usafiri wa umma, na pikapu zilizofungwa mabenchi mawili yanayotazamana zikawa usafiri wa watu ambao basi lilikuwa likiwapita. Asubuhi zikabeba watu, mchana viazi, usiku chochote. Baadaye ikaja 504, iliyounganishwa Mombasa, nayo ikabeba miraa, maziwa, na nyama kutoka machinjio ya Dagoretti.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu hudhani gari la zamani lilikuwa rahisi. Vyombo vyake vilikuwa vichache, hilo ni kweli: betri, koili, distribyuta yenye pointi ndani yake, plagi nne, kabureta. Lakini hakuna kimoja kilichokuambia kitu. Fundi alichomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini, akamwambia kijana apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ya njano, dhaifu, inakupeleka kwenye pointi zilizoungua au kondensa iliyokufa. Cheche ikiwa safi na gari bado halitaki, acha stima, fuata mafuta. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Wa buluu, oili inaungua ndani. Mweupe usioisha, pengine maji yamepenya gasketi.

Halafu kuna mwinuko. Gari lililorekebishwa Mombasa, usawa wa bahari, likifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu, linakuta hewa nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga mafuta kama iko Likoni, na ukipanda hadi Limuru mambo yanazidi. Fundi wa Kawangware alijua kupunguza mafuta kwa bisibisi huku akisikiliza injini ikitulia, na kumuuliza mwenye gari swali ambalo kwa mgeni lingeonekana la udaku: "Unabebanga wapi?" Jibu la Kiambu na jibu la Machakos lilimfanya akaze skrubu tofauti.

Chombo kilichonivutia kuliko vyote ni balbu. Balbu ya kawaida ya indiketa, wati 21, waya mbili zimechomelewa, moja ina klipu. Wenye mita za kisasa huicheka, na nadhani wanakosea. Waya wa gari una nyuzi nyingi ndani. Zikikatika zote ukabaki uzi mmoja, mita itakuonyesha volti 12 kamili, kwa sababu mita haivuti stima ya maana. Balbu inavuta. Weka balbu hapo, itawaka hafifu kama mshumaa, na umejua waya umekufa ingawa una volti. Kwa Isuzu za dizeli balbu hiyohiyo ilipima plagi za kupasha moto: klipu kwenye chanya ya betri, ncha kwenye plagi iliyochomolewa waya wake, balbu ikikataa kuwaka, plagi imekatika ndani. Ndiyo sababu gari la Uthiru lilikuwa linasumbua asubuhi ya Julai, na mchana linawaka bila neno.

Na ugonjwa mkubwa wa pikapu za Nairobi, jana na leo, ni athi (haina uhusiano na mto). Ni njia ya stima kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Sisi tunatoa bodi ya nyuma iliyokuja na gari, tunaunda nyingine ya mabati na mbao, tunapaka rangi nzito, kisha tunashangaa mtu akiwasha indiketa taa ya breki nayo inapepesa. Stima imekosa mlango wa kutokea, inapita kwa jirani. Waya wa athi wa injini ukikatika kabisa, stima ya stata hurudi kupitia kebo ya mafuta, hadi ikapata moto. Mafundi wa zamani waligusa kebo hiyo kwa kidole kabla ya kufungua chochote.

Serikali iliona nini katika haya yote? Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya 1972, ndiyo iliyolifanya jina la sekta isiyo rasmi lisikike duniani. Mwaka 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji, na vibanda vya kuwakinga jua vikafuata. Sibezi vibanda. Lakini kinachoonekana Kamukunji ni nyundo, sufuria, sanduku la bati. Vitu unavyoweza kupiga picha na kuhesabu. Mtu aliyeinama juu ya injini akisikiliza haonekani anafanya kitu. Mwenye pikapu pia aliona hivyohivyo. Alilipia spea na alilipia mkono. Nusu saa ya kufikiri hakuilipia, kwa sababu hakuiona.

Basi fundi akaiweka mahali ambapo italipwa. Aliiingiza kwenye bei ya spea. Alikwenda Grogan mwenyewe, akarudi na koili, na juu ya bei ya koili akaongeza nusu saa yake. Na kama tatizo lilikuwa waya uliolegea, ambao hauna spea ya kuuza? Hapo ndipo wengine walibadilisha koili nzima. Sifa mbaya ya makanika wa Nairobi, kwamba ni mwizi wa spea, naiona imezaliwa hapo. Wapo wezi kweli, na sitawatetea. Lakini ukimzuia mtu kuuza anachokijua, atauza kitu kingine.

Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yalimiminika, na kompyuta ndogo chini ya dashibodi. Mafundi wa Toyota walijifunza ujanja ambao hadi leo unanifurahisha. Chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki chenye matundu; ukiunganisha mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Konyezo moja, kimya, mawili: ni 12, injini haioni mzunguko wake. Mtu aliyeachia darasa la sita alisoma kompyuta ya Japani kwa kuhesabu mwanga. Hiyo nayo ilikuwa bure.

Skana ndiyo iliyobadilisha mambo. Marekani ililazimisha tundu la aina moja kwenye magari yote kuanzia modeli za 1996, dunia ikafuata, na siku hizi kifaa kidogo cha Kichina kinaongea na simu ya kijana yeyote. Kwa mara ya kwanza jua kali ina bei ya kupima, hata usiponunua spea. Mteja anaona mashine, anaona maandishi, anatoa pesa bila kunung'unika.

Nimekaa gereji moja ya Kawangware nikaona D-Max ya nyama imeletwa alfajiri, inazima kila ikipata moto, na mwenyewe ana mzigo wa kufikisha soko la Burma kabla jua halijawa kali. Kijana akachomeka skana. Ikataja sensa. Sensa hiyo si ya bei ya mchezo. Mzee wa gereji, bila kusema neno, akachukua balbu, akaiweka hapa na pale, mwisho kwenye waya wa athi chini ya betri. Balbu ikafifia. Akakwaruza kutu, akakaza nati, gari likatulia.

Mwenye nyama akamlipa kijana ya mashine. Mzee alipomwangalia, akashangaa: "Wewe nawe, mzee, si umekaza nati tu?"

"Basi nipatie hata ya chai," mzee akasema.

Niliporudi baada ya miezi, mzee alikuwa na skana yake. Huichomeka kwanza, mwenye gari akiwa amesimama hapo, anamwonyesha simu, wanakubaliana bei. Halafu anaenda kuchukua balbu.