Karani, Mtambo na Mkalimani: Lugha ya Ofisi katika Kisarawe na Kibaha

Nia ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi kazi ya ofisi ilivyobadilika katika nchi ya Uzaramo na jirani zake, na kuuliza ni nani, katika kila zama, aliyebeba mzigo wa kujifunza lugha ya mwenziwe.

Serikali ya Wadachi ilitawala kwa maliwali, maakida na majumbe, na barua zao kwenda bomani ziliandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo maofisa wengi walifundishwa lugha hii kabla ya kuja, katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887. Katika jambo hili moja, mzigo ulikuwa juu ya mtawala. Zama za Waingereza, boma la wilaya ya Uzaramo lilikuwa Kisarawe, kwenye vilima vya kusini-magharibi ya Dar es Salaam. Huko mzigo ulihamia kwa karani: alisikiliza shauri la raia kwa Kiswahili, akaliandikia jalada kwa Kiingereza.

Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka uo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Kazi haikuanza na mikono mitupu, maana karani, daftari, jalada, masijala na mhuri yalikuwa maneno ya wenyeji tangu zamani, ijapokuwa asili yake ni ng'ambo.

Lakini mtambo mpya ulikwisha kuingia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa mitambo hiyo nchini ukapigwa marufuku, isipokuwa kwa idhini maalumu; marufuku hiyo baadaye ililegezwa, kisha ikaondolewa. Kwa hiyo kwa miaka mingi ofisi za wilayani ziliendelea na kalamu na mashine ya taipu. Hata Kibaha, palipoanzishwa mwaka 1963 mradi mkubwa wa elimu, afya na kilimo kwa msaada wa nchi za Nordiki, uliokabidhiwa Tanzania mwaka 1970, kazi ya kumbukumbu ilikuwa kazi ya makaratasi.

Leo Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na halmashauri za huko na za Kisarawe huandika hesabu na kupokea mapato kwa kompyuta. Wakala wa Serikali Mtandao, ulioanza kazi mwaka 2012, umekuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Katika kila halmashauri yuko afisa TEHAMA, ambaye watu humdhania kuwa fundi tu. Hapana shaka hutengeneza mitambo. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni ukalimani. Mtambo ukikataa, mara nyingi hutoa onyo kwa Kiingereza. Karani humwita afisa, naye humfasiria. Wakati huo mwananchi aliyekuja kulipa ushuru angali amesimama dirishani.

Juhudi za kuufundisha mtambo Kiswahili zimekuwapo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Wataalamu nao wamependekeza tarakilishi na ngamizi, lakini ofisini kompyuta limeshinda. Kipanya limekubalika bila ubishi, ingawa Dar es Salaam lilikuwa pia jina la gari dogo la abiria; nenosiri na nywila yangali yakishindana.

Yafaa basi wachunguzi wa lugha waende Kisarawe na Kibaha wakasikilize maneno ambayo afisa humwelezea karani wakati mtambo umekwama. Maneno hayo yamekwisha kupimwa na haja, na mengi hayajaandikwa. Yasipokusanywa, istilahi zitaendelea kutungwa mbali na wanaozihitaji, na karani atabaki na mzigo ule ule wa zama za boma.