Matairi ya Arusha: Kiwanda Kilichozaliwa na Mkataba

Mtu apitaye asubuhi katika soko la Kilombero, mjini Arusha, wakati wingu la Mlima Meru halijaondoka kileleni, aghalabu humkuta fundi wa katambuga ameketi juu ya kigoda, kipande cha tairi kuukuu amekibana baina ya magoti, akikichana kwa kisu alichokichovya majini. Maji hayo yana sababu yake, kwani kisu kikavu hung'ang'aniwa na mpira, ilhali kisu kilicholowa huteleza kikafuata mkono. Ukiyasoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi kabla hayajakatwa, aghalabu utakuta jina la Uchina au la India. Nao watu wazima wa mji huu wangali wakikumbuka zama ambapo matairi yalitengenezwa hapa hapa, katika eneo la viwanda upande wa Njiro.

Asili ya kiwanda kilichoyatengeneza haikuwa hesabu ya mfanyabiashara peke yake, bali ilikuwa makubaliano ya nchi tatu. Wakati wa kupata uhuru, viwanda vingi vya Afrika Mashariki vilikuwa vimekusanyika Kenya, na bidhaa zake ziliingia Tanganyika na Uganda bila ya ushuru wa forodha, hata wakuu wa nchi hizo mbili wakaona kwamba watu wao wamekuwa wanunuzi tu wa kazi ya wengine. Ndipo mwezi wa Aprili 1964, huko Kampala, serikali tatu zilipopatana kugawana viwanda vinavyohitaji soko kubwa: Uganda ipewe baiskeli na mbolea, Kenya ipewe balbu za umeme, na Tanganyika ipewe, pamoja na mengine, uundaji wa redio na utengenezaji wa matairi na mipira ya ndani. Maana yake ilikuwa wazi, kwamba kiwanda cha matairi hakiwezi kupata faida kwa kuuza katika nchi moja tu, na kwa hiyo majirani wote wanunue kutoka kwa mmoja, naye mmoja huyo anunue kwao kile walichopewa wao.

Lakini Kenya haikuthibitisha makubaliano hayo. Mkataba mpya wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, uliifanya Arusha kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukaziruhusu nchi zilizo nyuma kutoza kodi maalumu ili kuvilinda viwanda vyao vichanga, walakini ile ahadi ya kugawana viwanda haukuirudisha. Mwaka 1969 ikaundwa kampuni ya General Tyre East Africa, serikali ya Tanzania ikishika asilimia 74 ya hisa na kampuni ya General Tire, ya mji wa Akron huko Marekani, ikishika asilimia 26. Jina lenyewe lilitaja Afrika Mashariki nzima. Ilhali mwaka huo huo ikaundwa Nairobi kampuni ya Firestone, nayo kwa kazi ile ile. Soko lililokusudiwa kiwanda kimoja likawa la viwanda viwili hata kabla tairi la kwanza la Arusha halijatoka mwaka 1971.

Hata hivyo kiwanda kilifanya kazi, na kazi ile ilikuwa shule. Kuchanganya mpira na masizi meusi na salfa, kuupaka juu ya nyuzi, kuzungushia waya wa ukingo, kisha kulitia tairi katika kalibu na kulipika kwa mvuke mpaka liive, ni stadi asiyoipata mtu kwa kusimuliwa. Fauka ya hayo, mashamba ya mpira ya Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, mkoani Morogoro, yaliunganisha ajira ya mji na jasho la mkulima.

Kisha mambo yakafuatana. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Baadaye kidogo vita vya Kagera vikaja, na fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi zikawa adimu. Mwaka 1984 milango ya bidhaa za nje ikaanza kufunguliwa, na mwaka 1986 serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, basi kiwanda kilichokwisha kudhoofika kikatakiwa kushindana na dunia nzima. Hata mbia wake alikuwa amepatwa na masaibu yale yale, kwani kiwanda chake cha Akron kilifungwa mwaka 1982, na mwaka 1987 kampuni yenyewe ikanunuliwa na Continental ya Ujerumani. Kiwanda cha Arusha kikafungwa mwaka 2009. Mshindani wake hakunusurika: mwaka 2016 Sameer Africa, mrithi wa Firestone, alifunga kiwanda cha Nairobi, na matairi yake yenye chapa ya Yana yakawa ya kuagizwa kutoka Uchina na India. Ndugu wawili waligombea sufuria moja, na chakula kikaliwa na wageni.

Si kweli kwamba Arusha haiwezi kutengeneza kitu. Huko Kisongo, magharibi ya mji, kiwanda cha A to Z kilipokea mwaka 2003 maarifa ya kutengeneza vyandarua vyenye dawa kutoka Sumitomo Chemical ya Japani, kikaajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Serikali ilikuwa imeviondolea vyandarua kodi, na Hati Punguzo, mpango wa vocha ulioanza mwaka 2004, ukawawezesha wajawazito kuvinunua, huku mifuko ya kimataifa ikinunua kwa wingi. Hapo sera haikuishia katika kutoa ruhusa ya kujenga, bali ilihakikisha kwamba mnunuzi yupo.

Mwaka 2015 serikali ilizinunua zile hisa za asilimia 26, na kiwanda kikawekwa mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Taifa, ili kifufuliwe. Ni jambo jema kumtafuta mwekezaji, lakini mwekezaji huleta mtaji na mitambo. Soko la nchi jirani haliletwi naye. Hilo huamuliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokwisha kufufuliwa na yenye nchi nane leo, ambayo makao yake yako katika mji huu huu, mwendo mfupi kutoka Njiro. Maadamu mawaziri wake hukutana Arusha, na waanze na suala lililoachwa Kampala mwaka 1964: nani atengeneze nini, na nani anunue kwa nani. Wakilijibu kwa dhati, waliojifunza kupika tairi watapata wa kuwarithisha maarifa yao kabla hawajaondoka duniani.